Paa la uwanja linalofunguka: Lilianzia wapi, linafanyaje kazi na je, lingefaa Mwanza?

Na Mwandishi Wetu, Sengerema

TANGU Juni 19, 2025, lilipozinduliwa Daraja la John Pombe Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi, shabiki wa soka wa Sengerema anayekwenda Mwanza kutazama mechi halazimiki tena kuangalia saa kila mara akihofia kukosa kivuko. Daraja hilo lenye urefu wa kilometa tatu limeifanya safari ya kuvuka Ghuba ya Mwanza kuwa ya dakika chache.

Hata hivyo, akishafika kwenye Uwanja wa CCM Kirumba, shabiki huyo bado hukabiliwa na kikwazo kingine ambacho daraja haliwezi kukiondoa, nacho ni mvua. Wenye tiketi za jukwaa kuu hujisitiri chini ya paa. Waliobaki, ambao ndio wengi, hukaa chini ya anga, na wingu likianza kujikusanya upande wa ziwa kila mmoja hujua kitakachofuata.

Ndiyo maana wanapoona kwenye televisheni mechi za Ulaya zikichezwa katika uwanja uliofunikwa gubigubi, ilhali nje mvua inanyesha, wapenzi wengi wa soka wa Kanda ya Ziwa hujiuliza: paa la namna ile linafanyaje kazi, na kwa nini hapa kwetu halipo?

Makala haya yanaeleza historia ya viwanja hivyo, namna paa lake linavyoendeshwa, faida na matatizo yake, kisha yanapima kama teknolojia hiyo ndiyo inayohitajika zaidi katika viwanja vyetu.

Ni uwanja wa aina gani?

Kwa kuangalia paa, viwanja vya soka vinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la viwanja vilivyo wazi, au vyenye paa juu ya jukwaa moja tu, kama ilivyo Kirumba.

Kundi la pili ni la viwanja ambavyo paa lake huwafunika watazamaji lakini huacha eneo la kuchezea wazi. Mfano ulio karibu nasi ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam.

Kundi la tatu ndilo linalozungumziwa hapa. Katika viwanja hivyo, sehemu ya paa iliyo juu ya eneo la kuchezea huweza kusogezwa, ikafungwa wakati wa mvua, theluji au joto kali, na kufunguliwa hali ya hewa inapotulia.

Ni vyema tofauti hiyo ikaeleweka, kwa kuwa si kila paa linalosogea hufunika uwanja mzima. Uwanja wa Wembley, London, uliofunguliwa upya mwaka 2007 ukiwa na viti 90,000, una vipande vya paa vinavyosogea, lakini hata vinapofungwa huwakinga watazamaji tu. Katikati hubaki wazi, na wachezaji huloa kama kawaida.

Chimbuko lake

Wazo la paa linalofunguka halikuanzia kwenye soka. Mwaka 1961, mji wa Pittsburgh nchini Marekani ulifungua ukumbi wa Civic Arena, uliokuwa na kuba la chuma cha pua ambalo vipande vyake viliweza kuteleza na kuingia kimoja chini ya kingine. Ukumbi huo ulikusudiwa kwa maonyesho ya muziki wa jukwaani, na baadaye ukajulikana zaidi kwa mpira wa magongo wa kwenye barafu.

Canada ikafuata. Kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976, mji wa Montreal ulibuni uwanja wenye mnara mrefu ulioinama, ambao ungelivuta paa la kitambaa kwa nyaya za chuma kama mtu anavyouinua mwavuli. Michezo ilianza na kumalizika mnara ukiwa haujakamilika. Paa lenyewe lilifungwa mwaka 1987, miaka 11 baadaye.

Uwanja uliofanikiwa kwanza kuwa na paa zima la kuendeshwa kwa mota ni ule wa Toronto, uliofunguliwa Juni 1989 kwa jina la SkyDome kwa ajili, zaidi, ya mchezo wa besiboli. Paa lake lina vipande vinne: kimoja hakisogei, viwili huteleza na kimoja huzunguka. Kazi yote huchukua takriban dakika 20.

Siku ya sherehe za uzinduzi mvua ilikuwa ikinyesha, lakini waandaaji wakalifungua paa hilo ili wageni walione likifanya kazi. Wageni wakaloa.

Soka laingia chini ya paa

Kwa upande wa soka la Ulaya, mlango ulifunguliwa na Amsterdam, Uholanzi. Agosti 14, 1996, Ajax ilihamia katika uwanja mpya wenye paa la kufunguka, ikacheza mechi ya kirafiki ya uzinduzi dhidi ya AC Milan na kufungwa mabao 3-0. Tangu mwaka 2018 uwanja huo unaitwa Johan Cruijff Arena, kwa heshima ya nyota wa zamani wa klabu hiyo.

Miaka miwili baadaye, mji wa Arnhem katika nchi hiyohiyo ulifungua GelreDome, ambako si paa tu lililosogea, bali hata eneo la kuchezea lenyewe. Ujerumani iliuchukua mfumo huo mwaka 2001 katika uwanja wa Schalke 04 mjini Gelsenkirchen. Hapo ndipo Porto ilipoifunga Monaco mabao 3-0 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2004.

Kwa wasomaji wa Tanzania, uwanja wa aina hii unaokumbukwa zaidi huenda ni ule wa Cardiff, Wales, uliojulikana kama Millennium. Ulifunguliwa mwaka 1999 kwa ajili ya Kombe la Dunia la Raga, ukiwa na nafasi za watazamaji zaidi ya 74,000. Wembley ya zamani ilipofungwa na kubomolewa, fainali za Kombe la FA za Uingereza zikahamishiwa huko kuanzia mwaka 2001 hadi 2006.

Mwaka 2003, Arsenal ilipoifunga Southampton bao 1-0, paa la Cardiff lilifungwa kwa sababu ya mvua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa fainali ya kombe hilo kongwe kuchezwa chini ya paa lililofungwa. Juni 3, 2017, paa hilo lilifungwa tena Real Madrid ilipoifunga Juventus mabao 4-1 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, safari hii kwa sababu za kiusalama.

Baada ya hapo viwanja hivyo vilienea. Warsaw, Poland, na Solna, Sweden, vilifunguliwa mwaka 2012. Singapore ikafuata mwaka 2014 na Atlanta, Marekani, mwaka 2017. Qatar ilijenga Al Bayt kwa umbo la hema la wafugaji wa jangwani, na ndiko Kombe la Dunia la mwaka 2022 lilikofunguliwa Novemba 20, Ecuador ilipowafunga wenyeji mabao 2-0.

Miongoni mwa viwanja 16 vilivyoteuliwa kwa Kombe la Dunia la mwaka 2026, vinne vina paa la aina hii. Navyo ni vya Atlanta, Houston na Arlington nchini Marekani, pamoja na Vancouver nchini Canada.

Paa linavyosogea

Ingawa maumbo hutofautiana, mifumo inayotumika ni michache. Wa kwanza ni wa vipande vinavyoteleza. Cardiff na Amsterdam, kwa mfano, zina vipande viwili vikubwa vinavyotembea juu ya reli zilizofungwa kwenye mihimili ya chuma na kukutana katikati kama milango miwili ya ghala. Mota za umeme ndizo zinazovisogeza.

Mfumo wa pili ni wa kitambaa kinachokunjwa. Mjini Frankfurt na Warsaw, kitambaa maalumu hukusanywa katikati ya uwanja, juu kabisa, kikiwa kimening'inizwa kwenye nyaya za chuma. Kinapohitajika huvutwa kuelekea pande zote hadi kugusa paa lisilosogea lililo juu ya majukwaa.

Upo pia mfumo wa Atlanta, ambako vipande vinane vyenye umbo la petali za ua hujongea kwa pamoja. Kwa mtazamaji aliye chini, paa huonekana kana kwamba linachanua.

Katika mifumo yote, sehemu inayoonekana ikisogea si ndiyo yenye gharama kubwa pekee. Paa la kawaida huegemea nguzo zilizo nyuma ya majukwaa na kuishia juu ya vichwa vya watazamaji. Paa la kufunguka sharti livuke uwanja mzima bila nguzo katikati, hivyo huhitaji mihimili mirefu ya chuma, misingi mizito na nguzo zenye uwezo wa kuubeba uzito huo wote, paa likiwa wazi au limefungwa.

Aidha, paa lenye kusogea huvuja kirahisi zaidi kuliko lililojengwa moja kwa moja, kwa kuwa lina maungio. Juni 29, 2005, dunia ilishuhudia jambo hilo mjini Frankfurt katika fainali ya Kombe la Mabara, Brazil ilipoifunga Argentina mabao 4-1. Paa lilikuwa limefungwa, lakini mvua kubwa ilijikusanya juu ya kitambaa na maji yakamwagika hadi uwanjani kama bomba lililopasuka.

Nani huamua lifungwe?

Wengi hudhani kuwa wingu likitanda, mtu hubonyeza kitufe na mechi ikaendelea. Hali haiko hivyo. Paa ni sehemu ya mazingira ya mchezo, na kulifunga au kulifungua katikati ya mechi kunaweza kuinufaisha timu moja.

Katika mashindano ya Shirikisho la Soka Ulaya (UEFA), mjumbe wa mchezo kwa kushauriana na mwamuzi ndiye huamua kabla ya mechi kama paa litakuwa wazi au limefungwa. Mechi ikianza paa likiwa limefungwa, litabaki hivyo hadi mwisho. Ikianza likiwa wazi, ni mwamuzi pekee anayeweza kuagiza lifungwe hali ya hewa ikichafuka, na hapo usalama huzingatiwa.

Suala la usalama si dogo. Upepo mkali na uzito wa maji huweza kuharibu paa lililo safarini, na kila uwanja huwa na mipaka yake ya kiufundi.

Oktoba 16, 2012, Poland ilipaswa kuikaribisha England mjini Warsaw katika mechi ya kuwania kufuzu Kombe la Dunia. Uwanja ulikuwa mpya, haujatimiza hata mwaka mmoja. Paa lilikuwa limeachwa wazi mvua kubwa ilipoanza, na kitambaa chake hakikuweza tena kufungwa salama wakati mvua ikinyesha. Maji yakatuama uwanjani, mpira ukawa haudundi, na mechi ikaahirishwa hadi siku iliyofuata, ilipomalizika kwa sare ya bao 1-1.

Maelfu ya mashabiki waliondoka wakiwa wameona jambo ambalo waandaaji wake hawakulikusudia: uwanja wenye paa la kisasa ukishindwa kuchezeka kwa sababu ya mvua.

Nyasi ndizo zinazoumia

Tatizo kubwa zaidi la viwanja hivi, hata hivyo, haliko juu bali chini. Nyasi ni mmea, na mmea unahitaji mwanga wa jua, hewa inayotembea na maji ya kiasi. Paa lenye mihimili mikubwa hutupa kivuli hata linapokuwa wazi, na majukwaa marefu huzuia upepo.

Amsterdam ililijua hilo mapema. Katika miaka ya mwanzo, nyasi za uwanja huo zilikuwa zikifa na kulazimika kubadilishwa mara kwa mara. Baadaye zilianza kutumika taa maalumu zinazosukumwa juu ya nyasi ili kuzipa mwanga unaokosekana, utaratibu ambao sasa umeenea katika viwanja vikubwa vya Ulaya.

Wajerumani walitafuta njia nyingine. Uwanjani Gelsenkirchen, eneo lote la kuchezea limewekwa juu ya sinia kubwa mno lenye uzito wa takriban tani 11,000. Siku zisizo na mechi husogezwa nje kupitia chini ya jukwaa ili nyasi zipate jua, na ndani hubaki sakafu inayoweza kutumika kwa matamasha.

Real Madrid, katika ukarabati wa uwanja wake wa Santiago Bernabéu, imekwenda mbali zaidi. Eneo la kuchezea limegawanywa katika sinia sita ndefu ambazo hushushwa chini ya ardhi na kutunzwa humo kwa taa na umwagiliaji.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Singapore, kwa sababu nchi hiyo, kama ilivyo Mwanza, iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Uwanja wake wa Taifa una kuba lenye kipenyo cha mita 310 na nafasi za watazamaji 55,000. Lakini Oktoba 14, 2014, Brazil ilipoifunga Japan mabao 4-0, yote yakifungwa na Neymar, kilichozungumzwa pamoja na mabao hayo ni hali mbaya ya uwanja. Nyasi zilikuwa hazijashika vizuri na mchanga ulionekana wazi. Baadaye wasimamizi walilazimika kubadilisha mfumo wa nyasi.

Singapore haina uhaba wa jua wala mvua. Tatizo lilikuwa kwamba paa lililojengwa kuwakinga watu liliwanyima mmea vitu hivyo viwili.

Gharama na deni

Viwanja hivi ni ghali kujenga na ghali kutunza. Ule wa Atlanta uligharimu zaidi ya dola bilioni 1.5 za Marekani. Kwa kulinganisha, Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, uliokamilika mwaka 2007 na sasa kuitwa Benjamin Mkapa, uligharimu takriban dola milioni 56. Ingawa bei za nchi hizo mbili na nyakati hizo mbili hazifanani, pengo lenyewe linajieleza.

Baada ya ujenzi huja matunzo. Reli, magurudumu, nyaya, mota na mifumo ya kompyuta huhitaji wataalamu na vipuri kwa miongo kadhaa. Nchini Japan, Uwanja wa Toyota uliofunguliwa mwaka 2001 uliacha kulifungua na kulifunga paa lake katika muongo uliopita kutokana na gharama za kulitunza.

Montreal ndiyo iliyopata funzo chungu kuliko wote. Paa lake la kitambaa lilichanika mara kadhaa, na mwaka 1998 likaondolewa na kuwekwa lingine lisilofunguka. Hilo nalo lilichanika Januari 1999 kwa uzito wa theluji. Deni la uwanja huo wa mwaka 1976 lilimalizika kulipwa mwaka 2006, yaani miaka 30 baada ya Olimpiki. Mwaka 2024 serikali ya jimbo la Quebec ilitangaza kutumia dola milioni 870 za Canada kuweka paa jipya, na safari hii ni paa lisilosogea.

Hali ilivyo Afrika Mashariki

Katika ukanda huu hakuna uwanja wa soka wenye paa la kufunguka. Hata Afrika Kusini, iliyoandaa Kombe la Dunia la mwaka 2010 kwa viwanja 10, haikujenga wa namna hiyo kwa mashindano hayo.

Kenya, Uganda na Tanzania zilipopewa Septemba 27, 2023 uenyeji wa pamoja wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, ujenzi wa viwanja vipya ulishika kasi. Miongoni mwake ni uwanja wa Arusha uliopewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan, wenye nafasi za watu wapatao 30,000, ule wa Talanta wa Nairobi wenye nafasi 60,000, na ule wa Hoima nchini Uganda wenye nafasi 20,000. Vyote vimefuata mtindo wa paa lisilosogea, lenye kuwakinga watazamaji na kuziacha nyasi kwenye jua.

Mkapa wenyewe ulijengwa kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na China, na una viti 60,000. Hapo ndipo Brazil ilipoifunga Taifa Stars mabao 5-1 Juni 7, 2010, na ndipo michuano ya CHAN ilipofunguliwa Agosti 2, 2025, Tanzania ikiifunga Burkina Faso mabao 2-0.

Lakini uwanja huohuo umetuonyesha mahali udhaifu wetu ulipo. Machi 2025, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliuzuia kwa muda kutumika katika mashindano yake kwa sababu ya ubora wa eneo la kuchezea. Uliruhusiwa tena, lakini fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco, Mei 25, 2025, ikahamishiwa Uwanja wa New Amaan Complex, Zanzibar, kutokana na hali hiyohiyo wakati wa msimu wa masika.

Simba, iliyokuwa imefungwa mabao 2-0 katika mechi ya kwanza, ilitoka sare ya bao 1-1 na kulikosa kombe. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kuwa matokeo yangekuwa tofauti kama mechi ingechezwa Dar es Salaam. Kilicho wazi ni kwamba fainali kubwa ya klabu ya Tanzania ilichezwa mbele ya majukwaa yenye nafasi 15,000 hivi badala ya 60,000. Watu 45,000 waliikosa nafasi hiyo kwa sababu ya nyasi.

Mvua ya Mwanza kwa hesabu

Hapa ndipo swali la shabiki wa Sengerema linapohitaji jibu la hesabu.

Eneo la kuchezea lenye vipimo vya kimataifa vya mita 105 kwa 68 lina ukubwa wa mita za mraba 7,140. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Kwa hiyo, mvua ya milimita 30, ambayo si jambo la ajabu kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, humwaga juu ya eneo hilo pekee lita 214,200. Hizo ni sawa na malori 21 ya maji yenye ujazo wa lita 10,000 kila moja.

Zipo njia mbili za kukabiliana na maji hayo. Ya kwanza ni kuyazuia juu, kwa paa. Ya pili ni kuyapitisha chini, kwa kujenga uwanja wenye mwinuko mdogo katikati, tabaka la mchanga chini ya nyasi, kokoto chini ya mchanga, na mabomba yenye matundu yanayoyapeleka maji nje hadi kwenye mitaro.

Njia ya pili haionekani kwenye televisheni, lakini ndiyo inayoviwezesha viwanja vingi duniani kuendelea na mechi muda mfupi baada ya mvua kubwa kukatika.

Je, lingefaa Mwanza?

Nchi zilizojenga paa la kufunguka zilikuwa na sababu tatu kubwa. Ya kwanza ni baridi na theluji, kama Toronto na Warsaw. Ya pili ni joto lisilovumilika, kama Qatar na Houston. Ya tatu ni biashara: uwanja unaofungwa huweza kukodishwa kwa matamasha na maonyesho mwaka mzima.

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni ya wastani kwa miezi yote. Theluji haipo, na joto lake halifanani na la jangwani. Mvua za vuli na masika huja kwa nguvu, lakini mara nyingi hupita baada ya saa chache. Jua ni la kutosha kuotesha nyasi kuanzia Januari hadi Desemba, neema ambayo Amsterdam huitafuta kwa taa za umeme.

Kuhusu sababu ya biashara, hoja hiyo ina uzito na haipaswi kupuuzwa. Viwanja vyetu navyo hutumika kwa mikutano ya hadhara, matamasha na mikutano ya injili. Lakini kila shughuli ya namna hiyo inayofanyika juu ya nyasi, bila mbao au zulia maalumu la kuzikinga, huacha mashimo na udongo ulioshindiliwa. Wajerumani walitumia sinia la tani 11,000 kuzitenganisha nyasi na matamasha. Sisi tunaweza kuanza kwa ratiba na mbao za kufunikia.

Upo pia umeme. Paa la mota haliwezi kutegemewa pale ambapo taa haziwezi kutegemewa. Aprili 30, 2023, mechi ya robo fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na Rivers United ya Nigeria ilisimama katika Uwanja wa Mkapa baada ya taa kuzimika. Kama taa zinaweza kusimamisha mechi, ni rahisi kufikiri hali ingekuwaje paa likikwama nusu njia huku mvua ikianza.

Njia nyingine ambayo Mwanza tayari imeijaribu ni nyasi bandia, zilizowekwa katika Uwanja wa Nyamagana. Ni uwanja wenye historia yake: hapo ndipo Yanga ilipoifunga Simba mabao 2-1 mwaka 1974 katika mechi ya kuamua ubingwa wa Tanzania. Nyasi bandia hustahimili matumizi ya kila siku na hazihitaji kukatwa, ila hupata joto kali juani, huchakaa na kuhitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa.

Kwa Kirumba, unaomilikiwa na Chama cha Mapinduzi na kuchukua watazamaji wapatao 35,000, orodha ya mahitaji inaweza kupangwa bila kwenda Cardiff. La kwanza ni mfumo wa kutoa maji chini ya nyasi. La pili ni wataalamu wa kudumu wa kuzitunza, wenye mashine, mbegu na maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi. La tatu ni umeme wa uhakika wenye jenereta za akiba. La nne ni paa la kawaida, lisilosogea, juu ya majukwaa ambayo sasa yako wazi.

Hilo la nne ndilo lingemgusa shabiki moja kwa moja. Pamba Jiji iliporejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25, mji ulipata tena sababu ya kujaza uwanja. Baba anayetoka Sengerema na watoto wake wawili hufikiria mara mbili kununua tiketi tatu mwezi wa Aprili akijua watakaa kwenye saruji iliyolowa. Akihakikishiwa kuwa atakaa pakavu, klabu huuza tiketi hizo tatu, na mapato ya mlangoni ndiyo yanayotunza uwanja.

Paa linalofunguka litaendelea kuwa fahari ya miji yenye theluji, jangwa au fedha nyingi za matamasha. Kwa Mwanza, mfano wa Warsaw unaonyesha kuwa paa hilo halitoshi kuiokoa mechi, na mfano wa Dar es Salaam unaonyesha kuwa nyasi zisipotunzwa, fainali huhama. Wahandisi wa kuchimba mitaro na kuotesha nyasi wapo nchini, na kazi hiyo inaweza kuanza msimu mmoja wa ligi unapomalizika na kukamilika kabla mwingine haujaanza.